Sababu ya Kuzidisha

Juni, Moshi imejifunika wingu kama shuka la hospitali,
nami nimebeba mwaka mzima ndani ya kiroba cha sembe:
risiti za vitambaa, za misumari, za gundi,
moja imelowa chai, nyingine haina tarehe,
na jumbe za simu nilizozinakili kwa mkono,
kila Ijumaa: umechangia, umechangia, umechangia.

Mimi ni fundi makochi, Majengo, mkabala na mashine ya kusaga.
Bosi wangu ni mimi. Kibarua wangu ni mimi.
Nikiumwa, kampuni nzima imelala.

Bi Nakijwa ana chumba Kiborloni, juu ya duka la mitumba,
meza moja, kikokotoo ambacho namba nne imefutika
na kidole kinachojua nne ilipokuwa.
Anahesabu akinong'ona Kipare.
Kisha anavua miwani.
"Fundi Ndekirwa, uzee wako umeulipia mara mbili."

Ni kweli. Ijumaa zote hamsini na mbili nilituma kwa simu,
halafu Desemba, hoteli ya Marangu iliponilipa viti arobaini,
nikaenda mfukoni kwao na noti ndani ya soksi,
nikapanga foleni katikati ya wastaafu,
nikaweka tena.

"Kuna kikomo," anasema. "Kilichozidi hakikupunguzii kodi.
Tutaomba kirudishwe kabla hatujafunga ritani,
na kikirudi ni pato, kitatozwa kama pato lolote."

Nimemwelewa kwa lugha ya kazi yangu.
Sponji ukilishindilia, kochi halikalishi mtu, linamrusha.
Mshono utavumilia, utavumilia,
siku ya ugeni unaachia mbele za watu.
Wateja nimewaambia hayo miaka kumi na tisa.

Anajaza fomu. Jina. Namba ya mlipakodi. Kiasi kilichozidi.
Anafika kwenye mstari mrefu kuliko yote:
Sababu ya kuzidisha.
Ananipa kalamu, anakwenda kuinjika chai.

Baba alibeba magunia kiwandani, kahawa ya watu,
kibarua wa kutwa kwa miaka thelathini na mmoja.
Mgongo ulipogoma hapakuwa na karani wa kumuaga;
jina lake halikuwa katika daftari lolote
ila lile la madeni, dukani kwa Mangi.
Alikufa akidaiwa sukari.
Ndiyo maana Ijumaa, nikiwa na mkasi mkononi,
humwona amekaa kwenye kochi la mteja,
viganja juu ya magoti, pembeni kabisa, asije akalichafua,
kama mtu anayesubiri kuitwa.
Na kidole kinabonyeza chenyewe.

Nikaandika: Niliogopa.

Bi Nakijwa akarudi, akasoma, hakucheka.
Akachukua wino mweupe, akalipaka neno langu,
akalipuliza likauke,
akaandika juu yake kwa mwandiko wa shule ya masista:
Makosa ya hesabu.
"Lako ni la kweli," akasema, "ila kule hawana pa kuliweka."
Akanimiminia chai. Sukari alitia yeye, vijiko vitatu.
Sikusema kitu.

Agosti pesa ikarudi, nyembamba kuliko nilivyoikumbuka.
Aikande, mke wangu, akasema bati. Shemeji akasema mbuzi.
Nikatenga ya kodi kwanza, kwenye kopo la vifungo,
kisha nikanunua ngozi ya kahawia, kipande kimoja,
nikakiwamba kiti ambacho hakuna aliyekiagiza.
Kipo mlangoni. Watu wanapita, wanauliza bei.
Nawaambia kina mwenyewe.

Ukutani, juu ya cherehani, kuna karatasi ya Bi Nakijwa,
tarakimu moja, amezipigia mstari sufuri zake.
Ijumaa natuma hiyo, wala shilingi juu yake,
halafu simu naiweka mbali, rafu ya juu,
kwa sababu kidole bado kinawasha.